Kijaa cha Koromeo: Furu wa Ghuba ya Mwanza na Elimu ya Kutafuna

Kutafuna ni miongoni mwa matendo ambayo binadamu huyatenda kila siku bila ya kuyafikiria. Mtu anapokula ugali kwa dagaa, au anapotafuna muwa, taya lake la chini hupanda, hushuka, huenda upande na kurudi mahali pake kwa mpangilio ambao yeye mwenyewe hauamrishi hatua kwa hatua. Ndani ya tendo hilo dogo mna kazi ya mifupa, meno, misuli, ulimi na neva, na vyote hivyo sharti vipatane kwa kipimo. Misuli ikikaza mno, jino litavunjika. Ikilegea mno, chakula hakitasagika.

Wataalamu wa elimu ya viumbe wamejiuliza swali moja kwa muda mrefu kuhusu jambo hili. Je, umbo la taya hutokana na urithi peke yake, au kazi ambayo taya hufanya nayo hushiriki katika kuliumba? Swali hili si la vitabuni tu. Mganga wa meno hukutana nalo anapomtibu mtoto ambaye meno yake yamesongamana. Mtaalamu wa wanyama hukutana nalo anapoamua kama samaki wawili wenye mataya tofauti ni wa spishi moja au mbili. Na katika Afrika, kama itakavyoonekana hapa chini, swali hilo limegusa hata vita dhidi ya ugonjwa wa kichocho. Mojawapo ya majibu yaliyo wazi kabisa limepatikana kwa samaki mdogo wa Ziwa Viktoria, ambaye wavuvi wa Butimba na wa mwambao wote wa Mwanza humwita furu.

Kwa nini achunguzwe mnyama

Ili kujua kazi ya chakula kigumu katika kuumba taya, mchunguzi angehitaji kuwalea watoto wa baba mmoja na mama mmoja katika makundi mawili: kundi moja likila vyakula vigumu, na jingine likila uji na vyakula vilivyopondwa tu. Kisha, baada ya miaka mingi, angepima mafuvu yao. Ni dhahiri kwamba jaribio la namna hiyo haliwezekani kwa binadamu, wala halikubaliki. Kwa sababu hiyo wanasayansi hutumia vielelezo vya wanyama. Kielelezo ni kiumbe kinachochunguzwa si kwa ajili yake peke yake, bali kwa kuwa ndani yake kanuni fulani ya maumbile huonekana kwa urahisi zaidi kuliko mahali pengine.

Kila swali huwa na mnyama wake. Mwaka 1971 watafiti Dellow na Lund walitumia sungura kuchunguza chanzo cha mwendo wa kutafuna. Walionyesha kwamba neva zinazoendesha taya huweza kutoa mapigo yenye mpangilio wa kutafuna hata pale misuli ilipozuiwa isisogee, na kwa hiyo hapakuwa na taarifa yoyote iliyorudi ubongoni kutokana na mwendo wa taya. Maana yake ni kwamba mpangilio wenyewe hutungwa katika shina la ubongo. Meno na misuli hupeleka taarifa za kuurekebisha tu, kwa mfano pale mtu anapouma kijiwe kilichomo katika wali. Jambo hili linaeleza kwa nini mtu aweza kutafuna huku akizungumza au akisoma gazeti.

Lakini swali la umbo la mfupa linahitaji mnyama wa namna nyingine. Anahitajika mnyama anayekua upesi, anayezaa watoto wengi wanaoweza kugawanywa katika makundi, na ambaye chakula chake cha kawaida hutofautiana sana kwa ugumu. Furu anazo sifa hizo zote, na juu ya hayo anayo sifa moja ambayo sungura hana: ana mataya mawili.

Mataya mawili katika kichwa kimoja

Furu wako katika familia ya Cichlidae, pamoja na sato na perege. Samaki wa familia hii ana taya la kwanza kinywani, analotumia kukamatia, kung'ata au kufyonza chakula. Nyuma ya hapo, kooni, kuna taya la pili, nalo huitwa taya la koromeo. Taya hilo halikutokana na mifupa ya kinywa, bali limetokana na matao ya mifupa ambayo kwa kawaida hubeba mashavu, yaani viungo vya kupumulia vya samaki.

Sehemu ya chini ya taya la koromeo ni mfupa mmoja wenye umbo la pembetatu, uliofanyika kwa kuungana kwa mifupa miwili ya tao la mwisho. Juu yake kuna mifupa miwili midogo inayoegemea kitako cha fuvu. Mifupa hii yote imejaa meno kwenye nyuso zinazotazamana. Mfupa wa chini umening'inizwa kutoka kwenye fuvu kwa misuli iliyoushika pande mbili, mfano wa bembea na kamba zake. Misuli hiyo inapojikunja, mfupa wa chini huvutwa juu na kukibana chakula kwenye mifupa ya juu. Mpangilio huu hufanana sana na kijaa, yaani jiwe la kusagia nafaka, isipokuwa hapa jiwe la chini nalo husogea. Filamu za eksirei za sato akila, zilizochambuliwa na watafiti Claes na De Vree wa Ubelgiji mwaka 1991, zilionyesha kwamba mifupa ya juu nayo haikai tu; huenda mbele na kurudi nyuma wakati wa kusaga.

Mwaka 1973 mtaalamu Karel Liem alieleza umuhimu wa mpangilio huo. Kwa kuwa kazi ya kusaga na kumeza imekabidhiwa kijaa cha koromeo, mataya ya kinywa yamepata uhuru wa kubadilika kwa ajili ya kazi ya kukamata peke yake. Katika Ziwa Viktoria uhuru huo umetumika kwa namna ya ajabu. Inakadiriwa kwamba kulikuwa na zaidi ya spishi 500 za furu ziwani humo, wengine wakila mwani, wengine wadudu, wengine samaki wadogo, mayai na makinda ya furu wenzao, hata magamba yaliyobanduliwa kwenye miili ya samaki wengine. Kuanzia mwaka 1977 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, lililojulikana kwa kifupi kama HEST, lilichunguza samaki hao kutoka Mwanza, likishirikiana na watafiti wa uvuvi wa Tanzania. Ghuba ndogo ya Butimba ilikuwa miongoni mwa mahali walipovua sampuli zao katika Ghuba ya Mwanza.

Mfupa unaojengwa na kazi

Miongoni mwa furu wa ziwa hilo wapo walao konokono. Baadhi yao humng'oa konokono kutoka katika gamba lake kwa meno ya kinywani. Wengine humtia mzima kooni na kumponda kwa kijaa cha koromeo. Katika kundi hili la pili yumo Astatoreochromis alluaudi, samaki ambaye historia yake ndiyo kiini cha makala haya.

Katika Ziwa Viktoria konokono wengine, kama vile Melanoides tuberculata, wana magamba mazito na magumu. Alluaudi wa humo ana mfupa wa koromeo ulio mnene, wenye meno mapana na butu yanayofanana na magego ya binadamu, na misuli minene ya kuuvuta. Lakini Humphry Greenwood, mtaalamu wa samaki aliyepata kufanya kazi Jinja, Uganda, kabla ya kuhamia jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe la London, alionyesha mwaka 1965 kwamba hali hiyo si ya lazima. Samaki wa spishi iyo hiyo waliokua bila kuponda konokono walikuwa na mfupa mwembamba zaidi na meno madogo zaidi. Kama mifupa hiyo miwili ingewekwa mezani bila maelezo, mtaalamu angeweza kudai kuwa ni ya spishi mbili tofauti.

Je, sababu ni nini? Tangu mwaka 1892 Julius Wolff wa Ujerumani alikwisha kueleza kwamba mfupa hujipanga kulingana na mzigo unaoubeba. Mfupa si kitu kikavu kama mti wa nguzo. Ndani yake mna seli hai zinazohisi mkunjo mdogo sana unaotokea kila mzigo unapoukandamiza. Pale mkunjo unapokuwa mkubwa na wa mara kwa mara, mfupa mpya huongezwa. Pale unapokosekana, mfupa uliopo hupunguzwa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walilea alluaudi katika makundi mawili, moja likila chakula kigumu na jingine chakula laini, kisha wakachunguza jeni zinazofanya kazi katika taya la koromeo. Makundi hayo mawili yalitofautiana katika utendaji wa jeni nyingi, zikiwamo zinazohusika na ujenzi wa mifupa na misuli.

Basi jibu la swali la mwanzo si "urithi" wala si "kazi". Alluaudi hurithi uwezo wa kujenga kijaa kinene. Chakula ndicho kinachoamua kama uwezo huo utatumika. Si kila furu anao uwezo huo kwa kiasi kimoja, na kiasi hicho chenyewe ni jambo la urithi.

Kunenepa kwa kijaa kuna gharama vilevile. Kichwa cha samaki ni kidogo, na ndani yake mna macho, ubongo, mashavu ya kupumulia na misuli ya kinywa. Watafiti wa Leiden, miongoni mwao Frans Witte, walionyesha kwamba taya la koromeo linapokuwa kubwa, viungo jirani hulazimika kusogea au kubadili umbo ili kulipisha. Kwa hiyo mabadiliko ya chakula hayagusi mfupa mmoja peke yake, bali mpangilio wa kichwa kizima.

Kutoka ziwani hadi kwenye mabwawa

Konokono wa majini wa jenasi Biomphalaria na Bulinus ndio wanaobeba vimelea vya kichocho katika sehemu ya maisha yao. Vimelea hutoka kwa konokono, huogelea majini, na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayevua. Katika mwambao wa Mwanza ugonjwa huu unafahamika kwa wakazi wengi, hasa kwa watoto wa shule. Kwa hiyo wazo lilijitokeza lenyewe: ikiwa yupo samaki aliyeumbwa kuponda konokono, kwa nini asipandikizwe katika mabwawa ili awamalize?

Alluaudi alipandikizwa katika mabwawa ya Kenya magharibi, na taarifa iliyochapishwa mwaka 1977 ilitia watu moyo. Baadaye alipelekwa mbali zaidi, hadi mabwawa ya samaki ya Kamerun ya kaskazini. Huko matumaini hayakutimia. Katika bwawa la kufugia mlikuwa na vyakula vingine vilivyo laini, na samaki, kama kiumbe chochote chenye busara ya tumbo lake, alichagua kile kilichompa lishe kwa taabu ndogo. Watoto waliozaliwa humo walikua bila kuponda vitu vigumu, na kijaa chao hakikunenepa. Samaki mwenye kijaa chembamba humponda konokono kwa shida, naye humwacha aliye mkubwa. Na kadiri anavyomwacha, ndivyo kijaa chake kinavyozidi kukosa kazi ya kukikuza. Konokono wakabaki.

Habari hii inastahili kufikiriwa na kila mwanafunzi wa elimu ya viumbe. Waliomhamisha samaki huyu walihamisha spishi sahihi, lakini kile walichokihitaji hakikuwa spishi, bali kijaa. Kijaa hicho kilikuwa kimejengwa na samaki pamoja na konokono wa Ziwa Viktoria, na konokono hao hawakusafirishwa. Kabla ya kiumbe chochote kutumiwa kupambana na ugonjwa, yafaa kuuliza kwanza ni sifa gani inayotegemewa, na ni mazingira gani yanayoilea sifa hiyo. Hadi leo nguzo za vita dhidi ya kichocho zimebaki kuwa dawa ya praziquantel, vyoo, maji safi na elimu, na udhibiti wa konokono ukiwa msaada.

Pimbi wa majabali

Msomaji aweza kuuliza kama jambo lililoonekana katika koo la samaki lina uhusiano wowote na kinywa cha binadamu. Ili kulijibu swali hilo, inabidi kutoka majini na kupanda juu ya majabali. Pimbi, mnyama mdogo anayeota jua juu ya mawe ya Mwanza na ya Kisiwa cha Saanane, ni mamalia mla majani. Mifupa ya taya lake, misuli yake ya kutafunia na magego yake vina asili moja na vyetu.

Mwaka 2004 Daniel Lieberman na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwalea pimbi katika makundi mawili, moja likila chakula kigumu na kikavu, na jingine chakula kilekile kikiwa kimelainishwa. Pimbi waliokula chakula laini walikuwa na ukuaji mdogo zaidi, kwa takriban asilimia 10, katika sehemu za chini na za nyuma za uso, yaani pale ambapo nguvu za kutafuna hukandamiza zaidi. Wataalamu kadhaa wameona katika matokeo hayo dalili kwamba vyakula laini vya siku hizi vinaweza kuchangia kusongamana kwa meno ya binadamu, kwa kuwa taya lisilofanya kazi ya kutosha utotoni huenda likakua dogo kuliko meno yanayopaswa kukaa ndani yake.

Mipaka ya kielelezo

Hata hivyo, kielelezo kisichukuliwe kuwa ndicho kitu chenyewe. Taya la koromeo la furu halina asili moja na taya la binadamu. Yanafanana kwa kazi tu. Meno ya furu hung'oka na kuota mapya maisha yake yote, ilhali binadamu hupata seti mbili tu. Pimbi naye hutafuna majani kwa mwendo wa taya usio sawa na wetu. Kinachohamishika kutoka kwa mnyama mmoja kwenda kwa mwingine ni kanuni, wala si kipimo. Kanuni kwamba mfupa unaokua huitikia mzigo imeonekana kwa samaki, kwa pimbi na kwa wanyama wengine wengi, na kwa hiyo yaaminika. Bali kusema kwamba mtoto akila muwa taya lake litaongezeka kwa asilimia kadhaa, hilo halikuthibitishwa na furu wala pimbi.

Uko pia mpaka wa namna nyingine, nao umewekwa na ziwa lenyewe. Sangara aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960. Katika miaka ya 1980 alizidi sana katika Ghuba ya Mwanza, na furu wa maji ya wazi karibu watoweke. Inakadiriwa kwamba spishi zipatazo 200 zilipotea ziwani, na kuchafuka kwa maji kulichangia hasara hiyo. Tangu miaka ya 1990 baadhi ya furu wamerudi, na watafiti wanaolinganisha samaki wa sasa na vielelezo vilivyovuliwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, vilivyohifadhiwa Leiden, wameona kwamba baadhi yao wamebadili chakula na hata umbo la kichwa. Lakini kwa spishi zilizopotea, maswali yaliyokuwa yakijibiwa na mataya yao hayataulizwa tena. Maabara ya namna hii haijengwi upya kwa fedha.

Zoezi la darasani

Shule iliyo karibu na ziwa haihitaji vyombo vya ghali ili kuona mambo yaliyoelezwa hapa. Mwalimu anunue vichwa vya sato na vya furu kwa wavuvi au sokoni. Vichwa vichemshwe kwa dakika chache mpaka nyama ilainike, kisha nyama iondolewe taratibu kwa kibano au kijiti. Nyuma ya matao ya mashavu, kwenye sakafu ya koo, utaonekana mfupa mdogo wa pembetatu wenye meno. Usafishwe kwa mswaki wa zamani na kukaushwa kivulini.

Wanafunzi wapime urefu na upana wa kila mfupa, waupime uzito kama mizani ipo, na wachore meno yake kwa kutumia lenzi ya mkono. Sato, ambaye mara nyingi hula mwani na vitu laini, atakuwa na meno mengi membamba. Akipatikana furu mwenye meno mapana na butu, wanafunzi waulizwe: samaki huyu alikula nini? Kisha waulizwe swali gumu zaidi: je, mzazi wake alikuwa na meno kama haya, na ni jaribio gani lingeweza kuthibitisha jibu lao? Jambo moja lazingatiwe kwa makini: wanafunzi wasiingie majini kutafuta konokono wa kulinganisha, kwa kuwa hapo ndipo kichocho kinapoambukizwa.